Roshani Niliyomchagulia Mama

Safari hii ilitokana na shukrani za shemeji yangu. Odongo, mume wa dada yangu Atieno, anafanya kazi Nairobi, na kwa muda mrefu alikuwa akitafuta namna ya kumfurahisha mama yetu. Mama alizaliwa kisiwani Mfangano, akaolewa Kisumu, na tangu bibi azikwe hakuwahi kurudi kwao. Odongo aliposikia kuna meli ndogo ya watalii inayotoka Kisumu hadi visiwani, yenye vyumba vya kulala na roshani za kukaa ukitazama maji, alisema hiyo ndiyo itakayomrudisha Mama nyumbani kwa heshima. Tungekwenda watu wazima wanne: yeye na Atieno chumba kimoja, mimi na Mama kingine.

Kazi ya kuchagua vyumba nilipewa mimi. "Wewe ndiye umesomea utalii," Atieno aliniambia kwenye simu. "Chagua vizuri, Adhiambo. Usituaibishe."

Nina shahada ya usimamizi wa utalii na sina kazi, kwa hiyo niliishika ile kazi kwa mikono miwili. Meli ilikuwa na roshani za aina tatu. Za kwanza zilikuwa mbele, chini ya chumba cha nahodha. Zilikuwa pana, lakini upepo unazipiga moja kwa moja. Za pili zilikuwa ubavuni, ghorofa ya juu, zimepangwa kwa safu na kufunikwa na paa, na kila moja imetengwa na ya jirani kwa ukuta wa mbao. Ya tatu ilikuwa moja tu, nyuma kabisa. Chumba chake kilikuwa stoo zamani, kimesimama peke yake juu ya injini, kikiwa na paa lake dogo la bati, na mbele ya roshani imening'inizwa mashua ya kuokolea watu, hivi kwamba ukikaa pale unaona tumbo la mashua. Hicho nilikifuta kabla ya vingine vyote.

Nilitazama video za meli za baharini zenye roshani kubwa kuliko nyumba yetu ya mtaa wa Mamboleo. Nilijifunza kwamba vyumba vya katikati havitikisiki sana, na kwamba usikubali kulala chini ya jikoni. Nilichora meli kwenye karatasi ili nijue jua litatua upande gani tukienda na upande gani tukirudi. Nilipiga simu kwenye ofisi yao hadi yule dada wa huko akaanza kuniitikia kwa jina kabla sijasema lolote.

"Nyinyi ni familia moja?" aliniuliza siku ya mwisho.

"Familia moja kabisa."

"Basi nitawapa vyumba vya familia, vya ubavuni, kimoja kando ya kingine."

Nilikata simu nikijiona nimeshinda. Nilikuwa nimewauliza marafiki wa chuo, nimewauliza watu nisiowajua mtandaoni, nimemuuliza hata daktari wa meno aliyewahi kwenda Zanzibar kwa meli. Mama sikumuuliza. Anauza mapazia ya mitumba soko la Kibuye na jioni hurudi amechoka. Nilijiambia kwamba namwachia apumzike, na kwamba roshani itakuwa zawadi atakayoikuta.

Asubuhi ya kuondoka, Mama alivaa gauni lake la kanisani na viatu vipya vilivyombana. Gatini, magugumaji yalikuwa yamejaa hadi ukadhani meli imeegeshwa kwenye shamba la sukuma wiki. Atieno na Odongo walikuwa wamefika. Odongo alimwamkia Mama akiwa mbali, amesimama nyuma ya lundo la mizigo, macho chini. Mama akamwitikia akitazama ziwa. Hawakupeana mikono. Hivyo ndivyo mkwe na mama mkwe wanavyoheshimiana kwetu, nami nimeyaona hayo kwa miaka mingi hadi siyaoni tena.

"Odongo analala wapi?" Mama aliniuliza tukipanda ngazi.

"Usijali, Mama. Nimepanga kila kitu."

"Haya. Wewe ndiye unajua."

Saa mbili tuling'oa nanga. Dunga ilibaki mkono wa kushoto, mashua za wavuvi zikatupisha, na maji yakaanza kubadilika kutoka rangi ya chai ya maziwa kuwa ya kijivu. Kwenye sitaha tulinywa chai na mandazi pamoja na Bwana Wandera, mfanyabiashara wa samaki kutoka Port Victoria, na mkewe, Mama Nafula.

"Miaka yote samaki ndio wanasafiri, mimi nabaki ufuoni," Bwana Wandera alisema. "Nikasema safari hii na mimi nibebwe."

"Lakini hajawekwa kwenye barafu," mkewe akasema, "kwa hiyo hatutafika mbali."

Nilicheka, kisha nikaanza kuwaeleza kuhusu roshani. Niliwaambia nina shahada. Niliwaambia kuhusu upepo na jua. Walinisikiliza kwa adabu, na nilipouliza wamepewa chumba gani wakasema kile cha nyuma. Niliwahurumia sana.

Saa sita mchana vyumba vilifunguliwa, akina Odongo wakatangulia kuingia chao. Msimamizi wa vyumba, mwanamume mchangamfu mwenye shati lililopigwa pasi hadi likasimama, alitutangulia, akavuta pazia na kufungua mlango wa kioo.

"Karibuni! Familia moja, balkoni moja!"

Ule ukuta wa mbao haukuwepo. Ulikuwa wa kukunjwa, na alikuwa ameukunja wote hadi kwenye nguzo, roshani mbili zikawa moja ndefu. Mama alikuwa ameshatoka nje ili aione milima ya Homa. Mimi nilikuwa nyuma yake na simu mkononi, tayari kupiga picha ya furaha yake.

Odongo alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, taulo kiunoni, povu la sabuni masikioni. Nyuma yake, kioo wazi, kulikuwa na kitanda wanacholala yeye na dada yangu, na suruali ya Odongo imetupwa juu ya shuka.

"Uwi!" Odongo alipiga kelele. Akageuka akimbie, akajigonga paji la uso kwenye ile nusu ya kioo iliyokuwa imefungwa. Kililia kama ngoma. Mama alijifunika uso kwa mkoba wake, akarudi kinyumenyume, akanikanyaga mguu, akapita chumbani hadi kwenye ujia.

"Kuna shida?" msimamizi aliuliza. "Wageni wengi huipenda hiyo."

Nilimkuta Mama kwenye benchi la sitaha, mkoba mapajani, jaketi la kuokolea limefungwa hadi kidevuni.

"Meli ikifika Homa Bay nashuka," alisema. "Nitalala kwa watu wa kanisa. Kesho narudi nyumbani."

"Mama, ukuta unarudishwa. Umekunjwa tu."

"Na paa?"

"Paa gani?"

"Lile lililo juu yangu na juu ya mume wa mtoto wangu. Nalo linakunjwa?"

"Lakini hii ni meli, Mama. Si nyumba."

"Ina mlango?"

"Ndiyo."

"Ina kitanda?"

"Ndiyo, lakini..."

"Ina paa?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Basi kama si nyumba ni nini, Adhiambo? Ng'ombe?"

Wanawake wawili waliokaa benchi la pili waliangua kicheko. Mama hakucheka. Alikuwa akitazama upande wa Kisumu, ingawa Kisumu ilikuwa haionekani tena.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sikuwa nimelisahau. Atieno alipojifungua Nairobi, Mama alikwenda kumsaidia. Mchana alimwogesha mtoto, akapika, akafua. Giza lilipoingia alivuka barabara akalale kwa mwanamke wa kanisa lake, kila siku, hata mvua ilipokuwa ikinyesha, kwa sababu mama hawezi kulala chini ya paa moja na mkwe wake. Nami ndiye niliyekuwa nikimbebea begi. Nilipokuwa nikichagua vyumba wazo hilo lilinijia mara moja, nikalijibu haraka: Mama ni mtu wa kisasa, tena meli si nyumba. Upepo nilikuwa nimeufikiria hadi nikakosa usingizi. Jambo hili sikulipa hata muda wa kuchemsha chai.

Na sasa, kama Mama angeshuka, Odongo angebaki kuwa mwanamume aliyemwonyesha mama mkwe wake mwili, kisha akamfukuza kwenye safari aliyompa yeye mwenyewe. Wazee wa pande mbili wangekaa vikao juu ya taulo lile. Mama hangemkaribia tena kwa miaka, na Mfangano ingebaki pale pale ilipokuwa, mbali.

Kwenye ujia wa vyumba Atieno alinishika mkono kwa nguvu.

"Hatoki. Anasema arudishwe Kisumu ndani ya gunia." Alikuwa akinong'ona, lakini macho yake yalikuwa yakipiga kelele. "Majuma yote hayo unanitumia upepo, jua, upepo, jua! Ulishindwa kukumbuka una shemeji?"

"Shemeji," sauti ya Odongo ilitoka nyuma ya mlango, "umenimaliza."

"Pole, shemeji."

"Ameona kitanda?"

"Pole sana, shemeji."

"Yawa!" alisema, kisha tukasikia ameketi sakafuni.

Nilizunguka meli mara kadhaa nikijifanya natafuta mtandao. Nilipofika nyuma nikakiona kile chumba nilichokifuta. Paa lake lilikuwa la kwake. Mlango wake ulikuwa wa kwake. Kati yake na jengo la vyumba vingine kulikuwa na nafasi ya wazi yenye kamba na ndoo, na juu ya nafasi hiyo hakukuwa na kitu ila anga.

Nilisimama mbele ya mlango wa akina Wandera, nikapanga maneno, nikaondoka, nikarudi. Nilipogonga hatimaye, nilidanganya. Nilisema mama yangu anapenda sana kutazama maji yanavyochemka nyuma ya meli. Nilisema tuko tayari kuwaachia chumba chetu cha ubavuni, ambacho hakitikisiki, hakipigwi na upepo, na kinaona machweo.

"Hapana, binti," Mama Nafula alisema. "Hapa tulipachagua makusudi. Huyu mzee anakoroma. Nyumbani hata majirani wamelalamika. Nikasema tumtafutie chumba juu ya injini, washindane."

"Injini itashindwa," Bwana Wandera akasema kwa fahari.

"Lakini chumba chetu ni kizuri zaidi, kweli."

Mama Nafula alinitazama vizuri. "Kama ni kizuri hivyo, mbona mnakihama?"

Niliwashukuru, nikatoka, nikasimama kati ya zile kamba na ndoo, mashavu yananichoma. Ningeweza kusema kweli pale pale. Ila kusema kweli kungemaanisha kukiri kwamba mimi, niliyewahubiria asubuhi juu ya roshani, nilikuwa nimemweka mama yangu chumba kimoja na aibu.

Saa tisa hivi Homa Bay ilianza kuonekana, mabati yake yakimetameta chini ya mlima. Mama alisimama. Alivua jaketi, akalikunja vizuri kama pazia la kuuza, akaliweka kwenye benchi, akajifunga leso kiunoni. Nilimwona akivua na vile viatu vinavyombana ili ashuke navyo mkononi. Nilikimbia.

Safari hii sikugonga vizuri. "Nimemweka mama yangu jirani na mkwe wake," nilisema kabla hawajanikaribisha. "Balkoni moja. Amemkuta na taulo. Kitanda pia amekiona. Sasa anashuka, na kosa ni langu."

Bwana Wandera aliacha kutabasamu. Mkewe alikuwa ameshavuta begi kutoka mvunguni.

"Mkwe? Na taulo? Ewe binti!" alisema huku akisokomeza nguo. "Hata kwetu hilo halifanyiki. Ungesema tangu mwanzo, si tungekuwa tumehama kitambo!"

"Kwani si wewe umesomea mambo haya ya wageni?" Bwana Wandera aliniuliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Na hawafundishi habari ya wakwe?"

"Hapana."

"Sasa wanafundisha nini?"

Hakuwa akinidhihaki. Alikuwa anauliza kweli, na akangoja jibu. Nilibeba begi lake.

Mama alikubali kuja kuangalia tu, viatu mkononi. Hakuingia mara moja. Alisimama kwenye ile nafasi ya wazi, akatazama paa la jengo kubwa, akatazama paa la kile chumba, kisha anga iliyo katikati. Alikizunguka upande mmoja hadi mwingine. Aligusa ukuta.

"Mlango unatazama wapi?"

"Nyuma, Mama. Hauwatazami wao."

Akaingia. Alifungua roshani. Tumbo la ile mashua ya kuokolea, jekundu na lenye madoa ya kinyesi cha ndege, lilijaza kila kitu, na chini yake kulikuwa na ukanda mwembamba wa maji. Mama alivuta kiti, akaketi, akanyoosha miguu.

"Mwambie dada yako huyo kijana ale," alisema. "Asikae na njaa."

Meli ilifunga Homa Bay. Watu walishuka kunyoosha miguu na kununua ndizi. Mama hakushuka.

Siku ya pili asubuhi, Mama aliamka ameshiba usingizi ingawa injini ilikuwa imetikisa vitanda hadi vikombe vikahama mezani. Mimi nilikuwa na maumivu ya kichwa. Odongo alikuwa na uvimbe kwenye paji la uso na macho mekundu.

"Huyo mzee si mtu, ni trekta," Atieno aliniambia. "Odongo ameweka mto kichwani, ameweka na begi. Lakini anasema ni sawa. Anasema hata angelazwa na mamba, bora Mama hakushuka."

Adhuhuri tulipita Rusinga, na baada ya hapo Mfangano ikasimama mbele yetu, ya kijani, yenye migongo mirefu ya mawe. Mama alikuwa ameacha roshani yake na kuja kwenye ukingo wa sitaha. Odongo, akijua yuko hapo, alikwenda upande wa pili. Atieno alibaki naye melini, akalala kutwa nzima kufidia usiku. Mama nami tukapanda mashua hadi ufuoni.

Mke wa mjomba, Mama Awuor, alitupokea kwa vigelegele. Kabla ya chakula Mama alitaka kwenda kaburini kwa bibi. Aling'oa magugu kwa mkono, polepole, akizungumza maneno niliyoyasikia nusu. Nilimsaidia. Alipomaliza alikaa chini kwenye nyasi na gauni lake la kanisani, akalia kidogo, kisha akaniomba maji. Nilifikiri jinsi ambavyo nusura asifike hapo kwa sababu ya taulo na ukuta wa kukunja.

Tukila samaki wa ngege na ugali wa mtama, Mama Awuor aliuliza swali ambalo yeyote wa kwetu angeuliza.

"Nasikia mmekuja na mkwe. Sasa kwenye chombo mnalalaje?"

Niliacha kutafuna.

"Mimi nina nyumba yangu," Mama alisema. "Iko nyuma, peke yake, na paa lake. Huyu mtoto ndiye aliyeipanga."

"Huyu?"

"Amesomea. Alihangaika na simu hadi akanipatia."

Mama Awuor alinishika mkono. "Huko ndiko kusoma," alisema. "Wengine wakienda chuo wanarudi wametusahau." Akaniongezea kipande cha samaki, kikubwa, cha upande wa tumbo. Nilikila chote kwa kuwa sikujua pa kutazama ila kwenye sahani.

Siku ya tatu tulirudi. Mama alisimulia hadithi ileile kwa wale wanawake wawili waliocheka benchini, mbele ya Mama Nafula, na Mama Nafula akatikisa kichwa kukubali kana kwamba ndivyo ilivyokuwa. Jioni tukafika Kisumu. Odongo aliaga akiwa nyuma ya mizigo tena, macho chini. "Asante kwa kuja, Mama." Mama akajibu akitazama taa za gati: "Asante kwa kunipeleka kwetu, baba." Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. Odongo alijipangusa uso kwa mkono wa shati, akasema ni vumbi.

Nyumbani Mamboleo, Mama akiwa ameloweka miguu kwenye beseni, nilishindwa kuvumilia.

"Mama, kwa nini unawaambia watu nilipanga mimi? Unajua haikuwa hivyo."

Alikoroga maji kwa vidole vya miguu kwa muda.

"Ulitaka niwaambie nini? Kwamba nimemsomesha mtoto asiyenijua?"

Hakusema kwa hasira. Kisha akaniomba taulo, nikampa.

Tangu siku hiyo habari za chumba cha nyuma zimeenea. Marafiki wa Atieno hunipigia simu wanapotaka kuwapeleka wazazi hotelini au melini, na hutaka niwaambie roshani ipi ina upepo mzuri. Ninachojua sasa ni hiki: sijui lolote juu ya roshani hadi nimjue atakayeikalia. Kwa hiyo nawauliza kwanza nani ni mkwe wa nani, kisha naomba nizungumze na mama mwenyewe. Wananisifu kwa swali hilo. Wanasema, huyu kweli amesoma. Uso unaniwaka moto kila mara, naomba tena wampe mama simu, na nasubiri hadi nisikie sauti yake.